Mbiu Iliyodhaniwa Mzaha: Kisa cha Kikundi cha Marafiki wa Goma, Mei 2021

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, giza likiwa limeshaingia, fundi mmoja wa magari aliandika mstari huu katika kikundi chetu cha WhatsApp: "Mlima umepasuka, moto unashuka, niko Kibati, toeni watoto nyumbani." Jibu la kwanza lilikuwa sura tatu za kucheka. La pili lilitoka Bukavu: "Yaya, leo habari zako zimechelewa, tulidhani umelala." La tatu lilimwomba Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, avumilie mpaka mpira uishe. Kwa muda wa robo saa hivi, watu ambao lava ilikuwa ikishuka kaskazini mwa mji wao waliendelea kucheka, tena kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu aliyeandika ndiye aliyekuwa akiwachekesha kila Jumamosi kwa miaka miwili.

Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kikundi hicho. Kila kisa hiki kinaposimuliwa, hukumu huwa ile ile: utani nusura uue watu, kwa hiyo utani ufukuzwe mahali panapopitishwa habari. Nimesoma upya mazungumzo yetu yote kuanzia jioni ile hadi watu waliporudi majumbani mwezi Juni, na ninaona kwamba hukumu hiyo inamwonea asiye na kosa. Mji wetu umepitia mengine mazito tangu wakati huo, nami siyagusi hapa. Ninashika majuma yale matatu peke yake.

Kikundi ni cha watu waliosoma pamoja sekondari moja ya Goma. Wengi wetu tulikuwa bado mjini, katika mitaa ya Himbi, Majengo, Katoyi, Keshero na Ndosho. Wengine walikuwa wamehamia Bukavu, na wachache Lubumbashi na Kampala. Utani wetu mkubwa ulikuwa kati ya Goma na Bukavu. Wa Bukavu walituita watu wa mawe, kwa kuwa tunajenga juu ya lava na hata kaburi tunalichimba kwa nondo. Sisi tuliwaita watu wa matope, kwa sababu ya miteremko yao inayoporomoka kila mvua inyeshapo. Juu ya utani huo fundi alijenga taarifa yake ya Jumamosi. Aliiga sauti ya mtangazaji wa redio, akaeleza mambo ya wiki: nani kaoa, nani kakimbia deni, bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, imefika wapi. Mwishoni daima alimleta "Mzee wa kaskazini", yaani mlima, aliyeamka na baridi na kuomba chai. Yaya, kama tunavyomwita mkubwa katika Kiswahili cha kwetu, ndilo lilikuwa jina lake kikundini, ingawa anapita wengi wetu kwa mwaka mmoja tu.

Ili mtu wa mbali aelewe kwa nini hatukushtuka, ni lazima nieleze anga la Goma la wakati ule. Kilele cha Nyiragongo, chenye urefu wa mita 3,470, kiko chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji, na ndani ya kasoko yake kulikuwa na ziwa la lava lililochemka mwaka nenda mwaka rudi, miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Usiku usio na ukungu mwanga wake ulipaka mawingu wekundu, nasi tulikula chakula cha jioni chini ya wekundu huo bila kuinua vichwa. Watoto wetu waliuzoea kama watoto wa pwani wanavyozoea sauti ya mawimbi. Mtu aliyesema "mlima unawaka" hakuwa amesema kitu kipya. Alikuwa ametaja hali ya hewa. Hata wale wenye kumbukumbu ya tarehe 17 Januari 2002, lava ilipokata katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuteketeza maelfu ya nyumba, walikuwa wamejifunza kuishi na kumbukumbu hiyo kwa kuitania. Wazee waliokumbuka Januari 1977, wakati lava ilipokimbia kuliko miguu ya watu, walikuwa wamebaki wachache.

Kwa hiyo habari ya fundi ilifika ikiwa imevaa nguo za mzaha wake. Ilikuja siku ya Jumamosi. Ilikuja jioni. Ilianza na neno "mlima". Ilitoka kwa mtu yule yule. Tukiusoma mstari ule leo kwa utulivu, tunaona ndani yake alama mbili ambazo mizaha yake haikuwahi kuwa nazo: alitaja mahali aliposimama, na alitoa agizo badala ya hadithi. Katika taarifa zake zote za nyuma hakuna hata moja inayomwambia mtu afanye jambo. Alama hizo zilikuwapo mbele ya macho yetu, nasi hatukuziona kwa sababu hatukuwa tunasoma maneno. Tulikuwa tunamsoma aliyeyaandika.

Zile sura tatu za kucheka zilikuwa zangu. Ninalisema hilo wazi kwa kuwa uchambuzi huu hauna haki ya kuwapima wengine ikiwa mimi nitajificha.

Aliyetutoa katika usingizi huo ni muuza vitenge wa Birere anayeishi Himbi. Hakubishana na yeyote. Alimpigia fundi simu, wakati mtandao ulikuwa bado unashika, kisha akaandika sentensi tatu: "Nimempigia. Si mzaha. Nimesikia watu wanalia nyuma yake." Baada ya sentensi hizo hakuna aliyecheka tena. Watu walitoka nje, wakaona kwamba wekundu wa usiku huo haukuwa wa kawaida. Haukuwa umekaa juu ya kilele, ulikuwa umeteremka na kuja. Wa Himbi na Keshero walishika njia ya Sake, wa upande wa mashariki wakaelekea mpaka wa Gisenyi, Rwanda, pamoja na maelfu ya wengine, magodoro vichwani, watoto wakivutwa mikono. Lava ilisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege, baada ya kuikata barabara ya Rutshuru na kumeza vijiji vya pembeni. Zaidi ya watu 30 walikufa katika janga lile. Katika kikundi chetu hakufa mtu, lakini mwenzetu mmoja alipoteza nyumba Buhene, na nina hakika kwamba ile robo saa ya kucheka ndiyo iliyomfanya aokoe watoto bila kuokoa hata hati zao za kuzaliwa.

Sentensi tatu za mama wa vitenge zinastahili kutazamwa kwa makini kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki. Ya kwanza inaeleza alichofanya. Ya pili ni hukumu yake. Ya tatu ni ushahidi, tena ushahidi wa sikio lake mwenyewe: watu wanalia nyuma yake. Hakusema "niaminini", wala hakutegemea heshima yake, ambayo kikundini ilikuwa ya kawaida tu, kwa maana si mtu wa kuandika mara kwa mara. Habari yake ilisimama kwa miguu yake yenyewe.

Sasa tumweke kando yake mtu wa pili. Usiku wa Jumanne, tarehe 25, mwalimu mmoja wa hesabu, aliyekuwa kiongozi wa darasa letu na ambaye hajawahi kumtania mtu hadharani, alituletea ujumbe wa sauti. Mwanamume asiyejitaja, mwenye sauti ya taratibu kama ya daktari, alisema kwamba saa sita ya usiku huo Ziwa Kivu lingepinduka na kutoa gesi, kwamba mtu asiwashe moto, na kwamba kila anayependa uhai apande mahali pa juu. Mwalimu aliongeza maneno matatu yake: "Ndugu zangu, tusipuuze." Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuliza. Tulikuwa tumeshaumizwa na kicheko cha Jumamosi, ardhi ilikuwa ikitetemeka mara kwa mara tangu siku ile, nyufa zilikuwa zimefunguka barabarani, sehemu kubwa ya mji haikuwa na maji wala umeme. Mwenzetu wa Keshero alimwamsha mama yake mzazi, wakatoka kwa miguu gizani kuelekea Sake. Mama alianguka juu ya mawe na kuvunjika kiwiko cha mkono. Saa sita ilifika, ikapita, na ziwa likabaki lilivyokuwa.

Yule mwalimu hakutudanganya kwa makusudi, na hofu aliyoibeba haikuwa ya kipumbavu. Chini ya maji ya Ziwa Kivu, lenye kina kinachokaribia mita 480, zimelala takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na nyingine kama 60 za methani, zikishikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos nchini Kamerun, dogo mno likilinganishwa na letu, lilitoa gesi usiku na kuua watu wapatao 1,700 waliolala. Sisi wenyewe tunaijua gesi hiyo kwa kiasi chake kidogo: mashimo ya mazuku, ambamo mbuzi huingia na hatoki, yamewapa wanasayansi hata neno la kuandika katika vitabu vyao, na neno hilo ni la Kiswahili cha huku. Uongo wa ujumbe ule ulikuwa umefungwa ndani ya ukweli, na hapo ndipo ulipopata nguvu. Palipokuwa na dosari ni mahali pamoja tu, pale uliposema saa sita. Chombo kinachopima mitetemeko kinaweza kuonyesha kwamba magma, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, inatembea na inaelekea wapi. Hakuna chombo kinachotaja saa ambayo ziwa litapinduka. Mwalimu wa hesabu angeligundua hilo kwa dakika moja kama angelikuwa amelala usingizi wa siku moja tangu Jumamosi.

Tena, ujumbe wenyewe ulikuwa umebeba onyo lake. Tangu mwaka 2019 WhatsApp huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliokwisha kupita katika mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kusambazwa zaidi ya sehemu moja kwa mara moja. Mishale miwili ilikuwapo. Sote tuliiona. Lakini juu ya mishale hiyo lilikuwapo jina la kiongozi wa darasa, na jina hilo likaifunika.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Mchekeshaji alileta habari ya kweli aliyoiona kwa macho yake, tukaikataa; mtu makini alileta habari ambayo hakuiona wala hakumjua mwenye nayo, tukaipokea kwa mikono miwili. Mara zote mbili tulipima msemaji, hatukupima habari. Laiti tungeliufukuza utani miaka miwili kabla, tungeliepuka kosa la Jumamosi, lakini la Jumanne lingebaki pale pale, na pengine lingekua, kwa sababu kikundi cha watu makini watupu hakina hata mazoea ya kujiuliza kama jambo ni kweli.

Jioni ya tarehe 26 tulikubaliana juu ya utaratibu mmoja. Kuna waliotaka mizaha yote ikome hadi mlima utulie, na baadhi yao walikuwa wamelala nje siku nne, kwa hiyo niliwasikiliza kwa heshima. Hata hivyo nilipinga. Tuliamua kwamba habari ya hatari itaanza na neno "Mbiu", neno ambalo hakuna ruhusa ya kulitania, kwa kuwa wahenga walishatuambia kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Baada ya neno hilo mtu ataje mahali alipo, alichokiona au kukisikia mwenyewe, na saa. Ikiwa hakuona mwenyewe, ataje aliyesema na mahali aliposemea. Asiye na hayo anyamaze, au apige simu kwanza kama mama wa vitenge.

Mbiu ya kwanza ililia mapema kuliko tulivyotarajia. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 27, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihamwe mara moja, akieleza kwamba magma ilikuwa imeonekana chini ya mji na hadi chini ya ziwa. Mwenzetu aliileta akitaja nani kasema na kwa njia gani. Watu walipokea, lakini si wote kwa haraka iliyotakiwa, maana waliochoka kwa safari ya bure ya Jumanne walijivuta, na mmoja aliandika kwamba hatatembea tena usiku kwa ajili ya sauti ya mtu. Uongo wa Jumanne ulikuwa bado unadai malipo siku ya Alhamisi.

Siku mbili baadaye utaratibu wetu ulipata jaribio ambalo nisingeweza kulibuni. Jumamosi ya tarehe 29 serikali ilitangaza kwamba volkano ndogo ya Murara, upande wa Nyamulagira, volkano jirani ya Nyiragongo, imelipuka. Mbiu ikalia, na jina la aliyesema likatajwa. Halafu serikali yenyewe ikarudi na kusema kwamba ndege imepita juu ya eneo lile na kuona kwamba moshi ulikuwa wa wachoma makaa. Habari iliyofuata utaratibu wote ilikuwa imetoka si kweli. Baadhi yetu waliona kwamba jambo hili limeuvunja utaratibu. Mimi nililiona kinyume. Aliyetangaza alijulikana, basi alipojisahihisha, yule aliyeipiga mbiu aliweza kurudi kwake, kuchukua masahihisho na kutuletea ndani ya saa ile ile. Ule ujumbe wa saa sita ya usiku haujasahihishwa na mtu hadi leo, kwa sababu hauna mwenyewe.

Nimebakiza la utani, nalo ndilo lililonifanya nikae na kuandika. Baada ya amri ya tarehe 27 kikundi kilitawanyika: Sake, Minova, Rutshuru, Gisenyi, Bukavu. Kila asubuhi niliandika orodha ya majina na kuomba kila mtu aseme alipo. Waliojibu walikuwa wachache, na mwanzoni nilidhani ni shida ya umeme wa kuchaji simu. Ndipo mtani mmoja wa Bukavu alipoandika: "Watu wa mawe, ni nani kati yenu bado hajala sambaza za watu wa matope?" Majibu yakaanza kumiminika. Mmoja alijibu: "Mimi niko Minova, mawe yangu nimeyaacha, nimebaki na sufuria mbili na watoto watatu." Mwingine alisema kwamba analala ndani ya kanisa la Sake na kwamba jirani yake wa mkeka anakoroma kuliko Nyiragongo. Hadi jioni nilikuwa najua alipo kila mtu isipokuwa wawili, na hao wawili tuliwapata siku iliyofuata kwa njia ile ile.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu. Orodha yangu ilimtaka mtu aliyelala sakafuni mwa darasa ajitangaze kwamba amelala sakafuni mwa darasa, mbele ya watu aliosoma nao, ambao baadhi yao wamefanikiwa. Mzaha wa mtani haukumtaka ajitangaze. Ulimpa nafasi ya kujibu akiwa mzima, mwenye ulimi wake, na ndani ya jibu hilo akaweka haja yake bila kuinama. Tena yule mtani alijua kusoma. Aliposoma sufuria mbili na watoto watatu, hakuuliza kitu. Alituma pesa kwa simu, na siku ya pili akampokea mama na watoto wale bandarini, boti ilipofika Bukavu, akawalaza kwake hadi Juni. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtani ndiye anayekukejeli harusini na ndiye huyo huyo anayesimamia maziko yako, na mtu aliyeondoa kejeli akidhani atabakiwa na msaada anakuwa amekata mti akitumaini kivuli. Kicheko cha Bukavu jioni ya tarehe 22 na pesa za Bukavu za tarehe 28 zilitoka mfuko mmoja.

Tarehe 7 Juni waziri mkuu Sama Lukonde alitangaza kurudi kwa awamu, na watu wetu wakaanza kurejea. Fundi alikuwa hajaandika neno tangu Mei 22. Nilimfuata Majengo kumwomba radhi, akanipokea, akaniambia tu kwamba jioni ile alisimama kando ya barabara akisoma vicheko vyetu huku watu wakimpita mbio, na kwamba alijiona kama mtu anayepiga kelele usingizini. Sikuwa na la kujibu. Tulikaa, mkewe akatuletea chai, nikaondoka nikidhani kwamba taarifa ya Jumamosi imekwisha kabisa.

Jumamosi ya tarehe 12 Juni, jioni, aliandika: "Niko Buhene, saa kumi na nusu, nimesimama juu ya mawe mapya, nyayo zinahisi joto." Dakika zikapita na hakuna aliyejibu, maana hakuna aliyejua kama ni habari au ni mzaha, wala aliyethubutu kuwa wa kwanza. Kisha mstari wa pili ukaingia: "Mzee wa kaskazini amemaliza chai. Anaomba mje mchukue vikombe vyenu."